Anapiga mkwara au anacho kweli?

Shikamoo anko. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, nipo Tabata, naomba uniweke sawa maana toka Jumamosi sijatulia. Tunacheza poka nyumbani kwa mshkaji, watu 6, kila mtu anaingia na laki moja, dau la lazima ni 500 na 1,000. Kuna jamaa anauza spea za magari, huyu mtu hapoi yani kila mkono yeye anapandisha, ukicheki (yani ukipitisha bila kutia hela) anakupiga, ukilipa anakupiga tena, wiki mbili nyuma alimtoa mwenzetu mmoja kwenye hela nyingi afu akafunua 9 na 7, hana kitu, watu wakacheka sana.

Sasa Jumamosi mi ndo nina dau la lazima la 1,000, yeye yupo nafasi moja kabla ya mgawaji, akapandisha 3,000, wengine wote wakatupa. Nacheki mkononi nina ree ya kopa na malkia wa shupaza. Nikalipa. Zikashuka tatu za wote mezani, malkia wa pau, 8 ya kopa, 4 ya kopa. Nikacheki, akatia 4,500, nikalipa. Ya nne ikaja 2 ya shupaza, nikacheki, akatia 11,000, nikalipa. Ya mwisho 2 ya uru. Nikacheki tena, jamaa hajafikiria hata kidogo, akasukuma 30,000. Nikakaa kama dakika tatu nzima, moyo unanidunda, nikajiambia nina pea ya juu na ree juu yake, na ree yenyewe ya kopa, kwa hiyo kopa hana, huyu anapiga mkwara tu. Nikalipa. Akafunua 4 mbili, ful hausi, yani 4 tatu na pea ya 2. Nikatoka kwenye mkono ule na hasara ya 48,500. Washkaji wananiambia ningepandisha pale zile tatu za kwanza ningejua anacho. Hela ilikuwa ya kuchezea tu, haijagusa kodi, ila roho inaniuma. Nilikosea wapi? Na mtu wa hivi anachezwaje?

Msomaji, Tabata

Marahaba mdogo wangu. Nimeusoma mkono wako mara tatu na kalamu mkononi, nakushukuru kwa kuandika kila karata na kila hela, wengi wananiandikia "nilikuwa na malkia nikaliwa" na hapo siwezi kumsaidia mtu.

Nianze na hili, kulipa ile 30,000 hukukosea. Ila sababu uliyojipa ya kulipa ndo yenye kasoro, na bora uliwe leo uijue kuliko ungeshinda ukaondoka nayo hivyo hivyo.

Kwanza bei. Kabla hajasukuma, mezani kulikuwa na 37,500. Hesabu mwenyewe, 6,500 mwanzoni ukiweka na ile 500 ya aliyetupa, mkaongeza 9,000 kwenye zile tatu, mkaongeza 22,000 kwenye ya nne. Akatia 30,000, ikawa 67,500. Wewe unaombwa 30,000 ili uichukue hiyo 67,500. Maana yake ukishinda mara 31 kati ya 100 tayari hupotezi. Watu wengi hapa ndo wanapopotea, wanadhani ili ulipe lazima uwe na uhakika kwamba jamaa anadanganya. Hapana, hauhitaji uhakika, hauhitaji hata nusu kwa nusu, unahitaji pungufu kidogo ya theluthi. Sasa swali linakuwa jepesi zaidi, je huyu mtu wa spea, akisukuma pale mwisho, ni mara ngapi unampiga?

Chukua karatasi tuhesabu wote. Karata zinazokupiga na ambazo kweli angezichezea hivyo alivyocheza ni hizi. Ree mbili, wewe umeshika moja, zimebaki tatu, kwa hiyo kuna namna 3 za yeye kuzipata. Wafalme wawili, hakuna aliyeonekana popote, namna 6. Malkia wawili, mmoja yupo mezani na mmoja unao wewe, imebaki namna 1 tu. Nane mbili namna 3. Nne mbili, hizo alizokufunulia, namna 3. Mbili mbili, namna 1. Jumla 17. Ree na malkia kama zako nazo anaweza kuwa nazo ila hapo mnagawana, ziache.

Haya, sasa karata za mkwara. Pale mezani kulikuwa na kopa mbili toka mwanzo, kwa hiyo mtu mwenye kopa mbili mkononi aliyekuwa anasubiri ya tatu mezani ili zitimie tano, ikakataa kuja, anafika mwisho hana kitu kabisa na njia pekee iliyobaki ya kuchukua zile hela ni kukutisha. Mtu anayepandisha ovyo anaweza kuwa na kopa za mfalme na jeki, mfalme na 10, mfalme na 9, jeki na 10, jeki na 9, 10 na 9, 9 na 7, 7 na 6, 7 na 5, 6 na 5. Kila moja hapo ni namna moja, zinafika 10. Ongeza waliokuwa wanasubiri mfululizo (karata tano zinazofuatana) ukakatika, yani jeki na 10, 10 na 9, jeki na 9 za rangi moja kwenye shupaza, uru na pau, hizo 9. Jumla 19.

Kwa hiyo kama jamaa anasukuma na zote 19 akikosa, dhidi ya 17 zenye nguvu, wewe unashinda zaidi ya nusu, na bei yako ilikuwa 31 tu, unalipa huku unapiga mluzi. Kama anasukuma na nusu yake tu, tuseme 10, bado unashinda mara 37 kati ya 100, unalipa. Ila kama ni mtu wa kupiga mbili za kwanza halafu ya mwisho anapoa, anasukuma na 6 tu, hapo umeshuka hadi 26, unatupa na pea yako nzuri bila kinyongo. Mpaka wenyewe uko kwenye 8. Mikwara 8 dhidi ya 17, unalipa. Pungufu ya hapo, tupa.

Sasa turudi kwenye ree yako ya kopa, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri sana. Umeandika "ree yenyewe ya kopa, kwa hiyo kopa hana", ukaiona kama sababu ya kulipa. Ni kinyume chake mdogo wangu! Kopa hazikutimia pale mezani, zilikuja mbili tu, kwa hiyo kopa hazikuwa za kukupiga, zilikuwa ndo karata za mkwara wake. Ulipaswa kuombea awe nazo. Na watu wa aina hii karata wanazozipenda kuliko zote kuzipigia ni ree na nyingine ya rangi ile ile. Ree na mfalme za kopa, ree na jeki, ree na 10, ree na 9, ree na 7, ree na 6, ree na 5, ree na 3, hizo ni namna 8 za mtu aliyekosa na anataka kukutisha, na zote 8 haziwezekani kwa sababu ree ya kopa imekaa mkononi mwako. Ungekuwa na ree ya shupaza badala ya ya kopa, pea ile ile, malkia yule yule, mikwara yake ingetoka 19 ikawa 27, na karata zake zenye nguvu zingebaki 17 vile vile. Yani karata moja tu, haijabadilisha ukubwa wa mkono wako hata kidogo, lakini imekutoa kwenye kulipa kwa raha ikakuweka kwenye kulipa kwa kufikiria.

(Kwa wale wanaoniulizaga kila wiki kwanini naandika kopa, uru, shupaza na pau wakati vijana wanasema moyo, dayamondi, jembe na maua, hayo ndo majina niliyofundishwa na waliotuachia karata Pwani, yametoka kwa Wareno, na bado yanaeleweka kuanzia Lamu hadi Mtwara, siyaachi.)

Kwanini basi nasema hukukosea kulipa? Kwa sababu mbili ulizoziandika mwenyewe bila kujua uzito wake. Ya kwanza, huyu alishafunua 9 na 7 hana kitu. Ila usiibebe sana hiyo, mkwara mmoja aliouonyesha mwenyewe ni mkwara aliotaka muuone, inawezekana kabisa alikuwa anawanunua ili mmlipe siku akiwa na 4 mbili. Ya pili ina maana zaidi, umesema huyu hapoi. Mtu asiyepoa haongezi mikwara peke yake, anapiga pia kwa karata anazodhani ni kubwa kumbe ndogo kwako. Mfalme na malkia kwa mfano, kuna namna 8, naye ana pea ya malkia kama wewe ila wewe una ree juu. Kama anasukuma 30,000 na hiyo, basi hata asipopiga mkwara hata mmoja maishani mwake, 8 kwa 17 tayari bei yako imetimia. Hapo ndipo wakali wengi wanapopotezea hela.

Washkaji wako wanaosema ungepandisha kwenye zile tatu za kwanza ili "ujue", wananiudhi kidogo, nitasema ukweli, maana huu ushauri umepoteza hela nyingi kwenye meza za nyumbani. Ungepandisha hadi 14,000 hivi, nini kingetokea? 10 na 9 za pau angetupa. Jeki na 10 angetupa. Mfalme na malkia pengine angebaki kwa shingo upande. Ila 4 mbili, 8 mbili, wafalme, hao hawaendi popote. Umewafukuza karibu wote unaowapiga, umebaki na wanaokupiga, na umelipa zaidi kwa kazi hiyo. Mtu mkali mwache apige mwenyewe, wewe lipa tu, kila hela anayoitia na karata mbovu ni hela yako. Kupandisha naona kulikuwa na nafasi mapema zaidi, kabla karata za mezani hazijashuka, alipotia 3,000 ungeenda 12,000. Ree na malkia dhidi ya mtu anayepandisha kila mkono ni karata kubwa, ungechukua zile za mwanzo pale pale mara nyingi, au mngecheza kwenye hela nyingi huku ukiwa mbele. Ila hata kulipa si kosa.

Najua bado inauma, kwahiyo nikupe mkono mmoja unaojulikana dunia nzima. Mwaka 2003, Las Vegas, mashindano makubwa ya World Series of Poker, watu 839 waliingia wakabaki wawili, mshindi anachukua dola milioni 2.5. Mmoja ni Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, mwingine Sammy Farha, mtu wa karata kwelikweli. Mezani kulikuwa na 9 ya shupaza, 2 ya uru, 6 ya shupaza, 8 ya shupaza na 3 ya kopa. Farha ana malkia wa shupaza na 9 ya kopa, pea ya juu kama wewe. Moneymaker ana mfalme wa shupaza na 7 ya kopa, alikuwa anasubiri shupaza nyingine au mfululizo, vyote vikakataa, hana hata pea. Akasukuma zote. Farha akakaa, akafikiria, akamsemesha jamaa, akamwangalia, akatupa. Baadaye Moneymaker akachukua ubingwa. Wewe ulikaa dakika tatu kwenye swali lile lile lililomkalisha Farha, ukalipa, ukakuta 4 mbili. Ukikutana na mkono huo mara mia na mtu yule yule, mara kadhaa utamkuta na 10 na 9.

Mtu wa hivi anachezwaje, umeuliza. La kwanza kabisa, kiti. Mchezo unazunguka kulia kwenda kushoto kwa mzunguko wa saa, kwa hiyo kaa kushoto kwake, yeye aanze kuongea wewe unajibu. Jumamosi ulikuwa unaongea kabla yake raundi zote tatu, ndo maana moyo ulidunda. Nenda mapema Jumamosi hii uchague kiti, usione aibu.

La pili, daftari. Au simu, andika kwenye simu. Kila mara anaposukuma karata ya mwisho na ikafunuliwa, andika alikuwa na nini. Usiandike zile anazozifunua kwa hiari, andika zile mtu alizolipia. Ukifika mara 10 hivi utakuwa unamjua kuliko mkewe anavyomjua akiwa mezani. Zikiwa 4 kati ya 10 ni hewa au ni karata unazozipiga, mlipie. Ikiwa 1 au 2 tu, basi huyo si mkali mwishoni, ni mkali wa mwanzo, tupa pea zako akisukuma kwenye karata ya mwisho na umalizane naye kwenye mikono mingine.

La tatu, punguza mikono ya kuingia naye. Ukiwa na malkia na 6 za rangi tofauti, hata kama umechoka kuonewa, tupa. Hasira ya kutaka kumkomesha ndo chakula chake.

Na ile 51,500 iliyokubakia, natumaini ulikaa nayo ukaicheza kwa utulivu, hukuondoka nayo kwenda kuiweka yote kwenye mkono unaofuata. Umeniambia haikugusa kodi, hiyo nimeipenda.

Habari mwalimu, mimi niko Nakuru, tunacheza na wenzangu wa kazini. Swali langu ni kama la huyo mwenye anasumbuliwa na mtu mkali lakini kwangu ni upande ule mwingine, mimi ndiye nasubiri kopa. Mezani kuna bob 2,000, jamaa anatia zote zake 2,000. Wakati mwingine nalipa nashinda, wakati mwingine nalipa naliwa, sielewi ni lini nafaa kulipa.

Msomaji, Nakuru

Dada yangu, inategemea zimebaki karata ngapi za kushuka, basi. Bei yako haibadiliki, unalipa 2,000 kuchukua 4,000, unahitaji kushinda mara 33 kati ya 100. Kopa ziko 13, umeona 4, zimebaki 9. Akitia zote wakati zimeshuka tatu tu, una nafasi mbili za kuipata, chukua 9 zidisha mara 4 unapata 36, hesabu kamili inatoka 35. Lipa, ingawa faida ni nyembamba. Akitia zote baada ya ya nne kushuka, imebaki moja tu, 9 mara 2 ni 18, hesabu kamili inakaribia 20. Tupa. Bob zile zile, kopa zile zile, jibu tofauti. Na kwa kuwa ametia zote, hakuna hela nyingine ya kumchuna baadaye ukiipata, kwa hiyo usijidanganye kwamba utamfidia mbele. Angekuwa na nyingi zimebaki nyuma, hapo tungeongea zaidi.

Angalia pia kama mezani kuna pea. Kukiwa na pea mezani, kopa yako inaweza kuja na ukakuta mtu ana ful hausi, hizo 9 usizihesabu zote kwa raha.

Mambo vipi kaka, mi nikimtisha mtu akatupa, nimuonyeshe karata zangu? Inanipa raha sana. Arusha.

Usionyeshe. Soma barua ya kwanza hapo juu, yule wa spea alionyesha 9 na 7 wiki mbili nyuma na Jumamosi akalipwa 30,000 akiwa na 4 mbili. Kama unaonyesha kwa mpango huo, yani unataka wakulipe siku ukiwa nacho, na kweli utaacha kutisha baada ya hapo, sawa, onyesha mara moja. Kama unaonyesha kwa raha tu halafu mkono unaofuata unatisha tena, watakulipia na pea ya 5.